Nyongeza, Ngumu

...na mchuzi usiumalize, Mizuho, ubakize, ukiumaliza tambi za nyongeza zitatiwa wapi, hili kila mtoto wa mitaa hii ya Hakata analijua, na yeye mtoto wa Hakata, mwanafunzi wa anthropolojia, amekuwa akija kila siku kwenye kaunta ya mkahawa huu wa tambi tangu wiki iliyopita, mvuke wa mchuzi wa mifupa ya nguruwe ukimpanda puani, na ombi bado limemkwama kooni kama mwiba wa samaki, Bosi, naomba unipokee jikoni kwako msimu huu, nioshe mabakuli, nitazame mnavyofanya kazi, niandike, maneno machache tu, ameyarudia njia nzima, na Profesa Iwakiri amekwisha sema kesho ndiyo mwisho, bila ruhusa ya mwenye mkahawa tafuta mada nyingine, alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma... "Baridi hii imekuja kuhamia, Bosi," anasema dereva wa teksi aliye kando yake, "iache ihamie, mimi nauza mchuzi," anajibu Bosi akikung'uta chujio la tambi, maji yanaruka, sasa, mwambie sasa... mlango unafunguka, "Karibu!" linapaa kutoka kwa Bosi na mkewe kwa pamoja, nafasi imepita, kama jana, kwani anaogopa nini, kukataliwa, hapana, anaogopa kuonekana, mtu anayewatazama wenzake wakila kana kwamba wamo tunduni, mama alimfunza kwamba mtoto wa kike hapazi sauti mezani, na babu, aliyefyonza tambi kwa kishindo, alikuwa akicheka na kusema tambi zisizosikika bado hazijaliwa, babu aliyekuwa akimleta hapa, hapana, si hapa, kwenye kile kibanda cha kando ya mto, akipaza ile sauti yake, nyongeza! ngumu!, yaani tambi zisiive sana, na yeye mdogo anaziba masikio kwa aibu, leo angetoa nini aisikie tena... "Dada, hizo tambi unazila au unazilinda?" ni dereva, "zinavimba hizo, zitakuwa uji," na mke wa Bosi anadakia, "Mwache mtoto wa watu, Okabe, wewe juzi si ulisinzia juu ya bakuli," kaunta nzima inacheka, naye anacheka, basi wamemwona, wamemwona tangu siku ya kwanza na hakuna aliyemfukuza, anainama, anafyonza, kwa kishindo, mama anisamehe, chumvi, mafuta, moto hadi masikioni, tambi zinakwisha, mchuzi upo nusu, na kabla hajajishauri, "Nyongeza! Ngumu!", sauti nene kuliko alivyodhani anayo, na hakuna anayegeuka, Bosi hata hainui macho, "Haya, ngumu moja!", mvuke ule ule, redio ile ile, Okabe anapangusa miwani yake, kumbe ni hivi tu, hapa mtu huomba kwa sauti, akapewa, na maisha yakaendelea, ule mwiba uko wapi, anameza mate, haupo, na tambi mpya zinateleza ndani ya bakuli lake, mkono wa Bosi bado uko juu ya kaunta, "Bosi," anasema, "nina ombi lingine."

"Kula kwanza," anasema Bosi, na sasa ndipo anapomtazama. "Tambi hulegea. Ombi halilegei."