Chumvi Yenye Kuvaa Koti

Nilijifunga kitenge cha nkambo juu ya jinzi yangu, nikachukua mwiko wake uliopinda, nikainamisha mgongo na kutoka uani kwenda kuwachekesha waliokuwa wakimlilia. Wanawake kwenye mikeka waliponiona, wengine walipiga vigelegele, wengine walianza kulia upya. Hata mama, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu tutoke makaburini, aliinua kichwa.

Kwetu nkambo akifa, bibi au babu, wajukuu ndio wenye ruhusa ya kumfanyia mzaha. Wanavaa nguo zake, wanatembea kama yeye, wanatukana kama yeye, na wazee wenye mvi wanaondolewa kwenye viti vyao wala hawalalamiki. Mjukuu hakasirikiwi kwenye kilio. Ndiyo sheria, na siku ile niliibeba kama fimbo, maana nilikuwa na mtu wa kumchapa.

Mtu huyo aliitwa Aristote. Alikaa mstari wa mbele chini ya hema, amevaa fulana ya njano yenye taji kifuani. Alikuwa wakala wa Kubu Malkia, kile kiungo cha mchuzi kinachouzwa kwenye kila meza ya soko la mtaa wetu, Kenya.

Lazima niseme kwamba mimi nachefuka upesi. Nasoma mawasiliano chuoni, mwaka wa pili, na wenzangu wanajua kwamba ukitaka kunyimwa amani, uniketishe mbele ya televisheni. Sipendi tamthilia zile ambazo watu hulia bila kamasi. Sipendi juisi yenye embe kubwa kwenye chupa, ilhali ndani mna rangi na sukari tu. Sipendi kampuni za simu zinazopaka nyumba za watu rangi yao, hadi mtaa mzima wa maskini ukafanana na boksi. Na wale mabinti wanaojirekodi wakipaka krimu, wakiapa mbele za Mungu kwamba ngozi ile walizaliwa nayo, hao ndio wananitia kinyaa kabisa. Wenzangu hunicheka. Huniambia nina nyongo ya mzee.

Nyongo hiyo niliirithi kwa nkambo Mwelwa. Nililala naye kitanda kimoja tangu nikiwa mdogo, nikanywa maneno yake pamoja na uji. Alipika sombe, yale majani ya muhogo, kwa karanga, mawese na subira, na kubu hazikuwahi kuvuka mlango wa jiko lake. Simu nazo alizichukia. Ukimwelekezea kamera, alivuta kitenge akajifunika uso na kunyamaza mpaka uchoke. Kwa hiyo tulibaki na picha moja tu ya kadi ya uchaguzi, na sauti yake hatukuwa nayo popote.

Alikufa katikati ya msimu wa mvua. Binamu yangu Tracy, anayepika kwenye mtandao mbele ya maelfu ya watu, alikuwa amesaini mkataba na Kubu Malkia. Hatujamaliza hata kukubaliana siku ya mazishi, akaleta habari kwamba kampuni ingetupa hema, viti na sufuria kubwa za chakula.

"Na beko banataka nini?" nilimuuliza.

"Banderole moja tu, yaya," alijibu, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake. "Mvua iko inanyesha, bantu batakaa wapi? Bâche ni bâche."

Wajomba walishukuru kupata turubai. Kesho yake bango likapanda juu ya lango letu, refu kama nyumba. Upande mmoja uso wa nkambo, ule wa kadi, umeoshwa kwa kompyuta hadi ukawa mweupe na laini. Upande wa pili pakiti ya kubu yenye taji. Katikati wameandika: KUBU MALKIA YALIA PAMOJA NA FAMILIA. Nilisimama kwenye tope nikalisoma. Pakiti inalia! Siku ya mazishi, tulipotoka makaburini, wakagawa sombe ya kilio. Nilionja kijiko kimoja, nikaenda nyuma ya choo nikatema. Kubu tupu. Walikuwa wakimsindikiza nkambo kwa chakula ambacho asingempa hata mbwa wa jirani.

Ndipo nikachukua kitenge na mwiko.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Aristote. Nikamnusa begani, shingoni, kichwani, kama nkambo alivyokuwa akinusa samaki sokoni kabla ya kumtukana muuzaji.

"Weye, uko mutoto ya nani?" nilisema, na ile sauti ilitoka yenyewe, ya puani, yenye mkwaruzo mwishoni. "Mama yako alikuogesha na nini? Unanuka kubu!"

Hema zima lilicheka. Nikachukua pakiti mezani, nikaishika kwa vidole viwili mbali na mwili.

"Banasema iko kiungo. Bongo, uongo mutupu! Iko chumvi tu. Chumvi yenye kuvaa koti! Mwanamuke mwenye kuweka iyi mu sombe, bwana yake anaendaka kukula kwa jirani!"

Wanawake walianguka ubavu mikekani. Mjomba mmoja alikohoa hadi akapigwa mgongo. Nikaenda langoni, nikalichapa lile bango kwa mwiko mpaka kamba moja ikakatika na pakiti ikalala kwenye tope. Nilipogeuka nilimwona mama. Alikuwa amesimama, mikono kifuani, machozi yanamtiririka, naye anacheka. "Ni yeye," alimwambia aliyekuwa karibu naye. "Ni yeye kabisa."

Aristote alicheka kuliko wote. Alifuta macho, akanipigia makofi. Nilidhani nimemshinda, kwamba anacheka kwa sababu sheria haimruhusu kununa. Kumbe hakuwa ameumia hata kidogo. Na Tracy alikuwa amerekodi kila kitu.

Mvua hazijaisha, tangazo likatoka. Chungu kinachemka, mkono wa mwanamke unadondosha kubu, hakuna uso wa mtu. Unaanza muziki wao wa kinanda, kisha inakuja sauti ya bibi kizee: "Chumvi yenye kuvaa koti!" Halafu mwanamume mwenye sauti nzito anamalizia: "Kubu Malkia, mboga yako ivae vizuri." Yale ya bwana kwenda kula kwa jirani waliyakata. Chuoni nikiingia darasani walinipokea kwa sentensi ile. Sokoni wanawake waliitumia kuagiza kubu. Nilikwenda kumtukana binamu yangu. Yeye alinitazama kama aliyetegemea pongezi.

"Lakini bo banakupenda, yaya! Hawakukasirika hata kidogo. Mujukulu, nani anamukasirikia?"

Nilimpigia Aristote. Naye alikuwa mpole, na upole wake ulinichefua zaidi ya bango. Alisema kampuni inaheshimu familia na iko tayari kuliondoa tangazo. "Kama mama yako mwenyewe anakatala, mademoiselle, tutaitosha. Ku télé, ku internet, yote. Anipigie simu tu."

Nilirudi mtaani Kenya mbiombio, nikijua neno la mama ndilo limebaki. Yeye ndiye binti mkubwa wa marehemu, na huichukia televisheni kunishinda. Nilimkuta sebuleni, amekaa kwenye kiti kidogo cha nkambo, mbele ya tamthilia ya kina dada wanaogombania bwana mmoja. Nikashangaa. Nikaanza kumweleza: kubu, Aristote, simu moja tu na nkambo ataachwa apumzike.

"Bataitosha fasi yote?" aliuliza, bila kuniangalia.

"Yote, mama."

Alisogeza kiti mbele kidogo. Kwenye kioo mmoja wa wale dada alimwaga mvinyo.

"Ngoja kwanza," alisema. "Inapitaka mbele ya série kuisha."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini amekaa pale: alikuwa akilingoja tangazo, aisikie ile sauti. Nilihisi aibu na hasira pamoja, sijui ipi ilitangulia. "Mama, ile si nkambo! Ni mimi. Ukitaka kumusikia, mi naweza kukufanyia apa apa, bila kubu."

"Ninajua ni weye." Alinipapasa goti, taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa. "Lakini ukinifanyia, ninakuona. Ninaona mutoto yangu. Mule siko naona muntu."

Nilikuwa na simu mkononi, namba ya Aristote iko tayari kwenye kioo. Nilitamani kuitapika ile sauti, irudi kwa mwenyewe huko makaburini, tubaki bila kitu lakini safi. Wale dada wakakatwa katikati ya kofi, na muziki wa kinanda ukaanza. Nikafungua kinywa kusema tena. Mama alifumba macho asiione pakiti, akanishika mkono ili ninyamaze.