Pakiti Iliyowekwa Mezani

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe tatu, siku ya kutembelea wafungwa. Siku hiyo mzee fundi baiskeli, ambaye mtaa mzima ulimwita Spoku kwa wembamba wake kama waya wa gurudumu, aliweka pakiti ya sigara juu ya meza ya getini kama alivyokuwa akiweka mkewe enzi za uhai wake. Akaifungua, akachomoa mbili, akamsogezea askari.

"Zako hizi, afande. Zinazobaki za mwanangu."

Ndiyo ilikuwa desturi ya geti lile. Hakuna aliyeiandika popote, lakini kila mwenye ndugu ndani aliijua: askari huonja kwanza, ndipo mzigo hupita. Marehemu alimfundisha mumewe hivyo kabla kifua hakijamlaza moja kwa moja. "Usifiche kitu, baba watoto. Anayeficha ndiye mwizi." Na Spoku, tangu abaki peke yake kitandani, alilishika neno la marehemu kama kipofu anavyoshika fimbo.

Askari hakuzigusa. Alikuwa mpya, sare yake bado ina mikunjo ya pasi.

"Mzee, kuanzia jana sigara ni marufuku humu. Tangazo liko ukutani."

"Ukuta haujawahi kunisomea, mwanangu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Pengine kicheko kile ndicho kilichommaliza Spoku, maana kijana mwenye sare mpya hapendi kuchekwa. Akamwita mkuu wa gereza, akamweleza kuwa mzee ameleta kitu kilichokatazwa na tena ametaka kumhonga.

Mkuu alitoka ofisini akikanyaga kipisi chake cha sigara mlangoni. Wakubwa ndivyo walivyo, wakilala vizuri huamka na sheria, na sheria yenyewe huanzia ng'ambo ya kizingiti chao.

"Mzee wangu," alisema kwa upole, "humu wanalala watu sabini chumba kimoja. Wapo wenye pumu. Juzi tumemtoa mmoja kwa machela. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningewapunguza hao sabini."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mkuu akavua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi.

"Wewe nakuachia kwa sababu ya uzee wako. Lakini mzigo umeletwa kwa jina la mfungwa, na kanuni inasema anayeletewa ndiye anayejibu. Msamaha wake wa tabia njema umekwenda."

Msamaha huo ndio ungemtoa mwana wa Spoku Jumamosi ile. Mzee alikuwa ameshapaka chokaa chumba cha kijana na kumfungia baiskeli yake mnyororo mpya, iko ukutani inamsubiri. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Nifungeni mimi, baba. Mikono hii bado inashika spana. Nitalima shamba lenu, nitadeki vyoo, mtoto aende."

"Inuka, mzee. Unajidhalilisha."

"Nimebaki na nini cha kudhalilisha?"

Walimwinua kwa makwapa, wakampeleka kwenye wavu wa kuongelea. Mwanawe alikuwa ameshaambiwa. Alisimama upande wa pili, kichwa kimenyolewa, macho ya mama yake yale yale.

"Nisamehe, mwanangu. Nilijua utateseka bila moshi."

Kijana alikwaruza kutu ya wavu kwa ukucha.

"Baba, mimi sivuti. Niliacha wiki tuliyomzika mama."

"Na zote nilizokuletea?"

"Nilimpa nyapara, anayetusimamia chumbani. Ndiye aliyekuwa akinilaza dirishani, nipate hewa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniletea nini kingine? Tangu mama aondoke ulikuwa huna neno lingine na mimi. Unafika, unauliza, zilifika? Nakujibu, zilifika. Unacheka kidogo. Basi."

Spoku alitaka kumgusa, kidole kikaishia kwenye tundu la waya.

"Sasa utalala wapi?"

"Karibu na ndoo, baba. Usijali, pua huzoea."

Kengele ikalia, kijana akaondolewa. Spoku akatoka akipapasa ukuta mpaka getini. Mkuu alikuwa amesimama kivulini, ile pakiti imetuna kwenye mfuko wa shati lake, na sigara mpya iko katikati ya vidole vyake, haijawashwa. Alipomwona mzee akaushusha mkono nyuma ya paja, kama mtoto wa shule.

Spoku hakupaza sauti. Alichosema kilisikika kwa shida hata kwa yule askari kijana aliyekuwa hatua mbili tu.

"Mwanangu havuti. Aliyeleta ni mimi, na anayevuta ni wewe. Sasa huyo mnayembakiza humo ndani, anafungwa kwa moshi wa nani?"