Mkono Uliobaki Wodini

Projestus Rutaihwa alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi mjini Bukoba, amepakata beseni jipya lenye pamba, glovu na khanga mbili. Mkewe, Jovita, alikuwa ameingia asubuhi ile na uchungu. Ukutani palibandikwa tangazo la rangi, mwanamume anatabasamu kwa meno yote: Baba, Kuwa Karibu na Mama Anapojifungua. Chini ya tangazo alisimama mlinzi Ayubu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazuia akina baba wasiingie.

Projestus, maskini, aliliamini tangazo. Kwao Kamachumu kliniki walikataa kumpima mjamzito asiye na mume pembeni, kwa hiyo wenzake walimtuma dereva wa bodaboda akajifanye ndiye mume, mambo yakaisha. Yeye aliacha kahawa yake juani akaenda kila mara. Alikaa kwenye somo, akajibu maswali, akapigiwa makofi. Alikuwa na sababu. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Jovita akiwa peke yake kitandani, anaita na hakuna wa kuitika, na nesi alipofika mtoto alikuwa ameshakata roho. Safari hii Projestus alimwahidi mkewe kwamba atakuwepo, atamshika.

Hayo yote alimweleza Ayubu kwa upole. Ayubu alisikitika kweli, maana naye ni baba. Lakini wodi haina mapazia, alisema, na wanawake wamelala wawili wawili, sasa mwanamume ataingiaje? Projestus aliona hoja hiyo haina kasoro. Akarudi kukaa.

Mchana alimsikia Jovita akiita. Aliita, akaita tena, wala hakuitikiwa. Ndipo mkono wa kulia wa Projestus ukachomoka kwenye kiwiko, bila damu, ukashuka benchi na kupita chini ya mlango. Ayubu aliuona. Alifikiri kidogo, akasema waliokatazwa ni wanaume, mikono haikutajwa.

Jovita aliutambua kwa kovu la panga, akaukamata, akauminya hadi vidole vikalia. Mtoto alipotoka, nesi Restituta alikuwa kitanda cha mwisho na mama aliyekuwa anavuja damu. Basi mkono ukampokea mtoto, ukamfuta uso, ukamgeuza, ukampigapiga mgongoni mpaka akalia. Wa kike. Restituta alikuta kazi imekwisha. Aliuliza tu kama umenawa, akauvisha glovu, kwa sababu mama wa kitanda cha jirani naye alikuwa anaita.

Nje, Projestus alisikia kilio cha mwanawe na machozi yakamtoka. Aliyafuta kwa mkono wa kushoto.

Kesho yake Jovita aliruhusiwa, na mtoto, ambaye walimpa jina la Kokugonza. Mkono haukuruhusiwa. Muuguzi mkuu, Bi Magdalena, alitoka mwenyewe kueleza, na hakuwa mkorofi hata kidogo.

"Baba, nina manesi wawili na wodi imejaa. Mkono wako haulali wala hauombi likizo. Nikikurudishia, hao akina mama niwaambie nini?"

Projestus aliomba basi aingie walau auage. Hapo ndipo Bi Magdalena aliposhangaa.

"Wodini? Mwanamume?"

Tangu hapo imeingia mikono mingine: wa mwalimu wa Kahororo, wa mwenye duka wa Rwamishenye, na ya wengine waliokuwa na ahadi zao. Wakubwa walikuja wakapiga nayo picha. Kwenye hotuba walisema upungufu wa wauguzi umepatiwa ufumbuzi shirikishi, na maombi ya Bi Magdalena ya kuletewa manesi wapya yakawekwa pembeni. Mkono wa Projestus ulipewa khanga ya zawadi.

Huko Kamachumu, Projestus sasa anasalimia wazee kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni walinuna, kwao hayo ni matusi. Siku hizi wanauliza tu kama wa kulia bado uko kazini. Kinachomuuma ni Kokugonza. Akimbeba, mtoto anayumba kifuani, anaangua kilio, mpaka mama yake aje.

Siku ya chanjo walishuka mjini wote watatu, na Projestus akabaki kwenye benchi lake. Jovita alipitia wodini kumwonyesha mtoto. Alipotoka, Kokugonza alikuwa amelala fofofo.

"Mkono umembeba?" aliuliza Projestus.

"Umembeba. Alinyamaza palepale, kama anaujua."

"Wenyewe haujambo?"

"Umekonda, Tata Kokugonza." Jovita alimfunga mtoto mgongoni, akakaa karibu na mumewe, upande ule usio na mkono. "Na mimi nilitaka niushike kidogo. Ukaitwa kitanda kingine."