Mkono wa Bi Pfeiffer

Kwa miaka sita Lavonda Tisdale alikuwa akitoa watu damu kwenye kliniki moja ya mji wa Toledo, Marekani, na sindano haikuwahi kumchoma yeye mwenyewe hata siku moja. Wagonjwa walioshindikana walipelekwa kwake: wazee waliokauka mishipa, watu wazima wanaozimia wakiona sindano, wanawake wanene ambao mshipa wao lazima uusikilize kwa ncha ya kidole kama mtu anayetafuta mlango gizani. Wenzake walisema ana mkono mwepesi, naye hakubisha.

Jumanne moja ya Februari alifika kazini nywele zake zikiwa wazi, kama zilivyo. Jumapili mama yake, Earline, alikuwa amemfumua rasta, akamwosha kichwa na kumpaka mafuta, na sasa nywele zilisimama duara kubwa, nyeusi, nene. Alizipenda. Lakini alijua siku itakuwa ndefu. Mlinzi wa mlangoni alimuuliza kama amepigwa na umeme. Mama wa mapokezi alinyoosha kidole kuzigusa, kisha akakikunja njiani, akacheka peke yake. Earline alikuwa na neno lake juu ya jambo hili: "Hata mbwa wa barabarani, mtu humuuliza mwenyewe kwanza kama anauma. Sisi weusi hatuulizwi."

Saa tatu na nusu aliingia Bi Dolores Pfeiffer. Alikuwa bibi wa Kizungu wa miaka sabini na moja, mwalimu mstaafu, mwembamba, anayenukia sabuni ya waridi. Alikuja kila baada ya wiki nne kupimwa damu kwa sababu ya dawa ya moyo aliyokuwa akimeza, na hakukubali kuchomwa na mwingine.

"Leo umependeza, mpenzi," alisema akikaa. "Umejifanyaje?"

"Sijajifanya kitu, Bi Pfeiffer. Ndivyo zinavyoota. Kunja ngumi kidogo."

Alimfunga mpira juu ya kiwiko, akaupata mshipa mara moja. Vichupa viwili vikajaa. Akaulegeza mpira, akaweka pamba, akainama kuitoa sindano. Ilikuwa imeshatoka, ingali wazi mkononi mwake, kifuniko chake bado hakijabanwa, pale alipohisi vidole kichwani.

Havikugusa juu juu. Vilizama mpaka kwenye ngozi, vitano vyote, vikakamata na kufinyanga kama mtu anayekanda unga. Lavonda alishtuka, kichwa kikaenda nyuma, mikono ikaja mbele. Kitu kikamuuma kwenye dole gumba la kushoto.

"Lo, laini hivi!" Bi Pfeiffer alikuwa akicheka kama msichana. "Kama mwanakondoo wa baba yangu! Miaka yote hii nilidhani zinachoma!"

Lavonda alikuwa akitazama gumba lake. Ndani ya glavu, chini ya mpira mwembamba, doa jekundu lilikuwa likitanuka polepole.

Aliibana sindano, akaitupa kwenye kopo lake. Akamfunga bibi yule plasta vizuri, kwa sababu damu yake haikuwa ya kuganda haraka. Ndipo akaenda kwenye sinki, akavua glavu, akafungua maji, akasugua kwa sabuni. Alisugua mpaka vidole vikamfa ganzi.

"Nimekukosea?" Bi Pfeiffer aliuliza nyuma yake. "Mbona hunisemeshi?"

Msimamizi wao, Peggy, alikuja mbio alipoitwa. Alikuwa mwanamke mwema, lakini mwoga wa karatasi za ripoti. Alimpigia simu daktari, naye akasema maneno ambayo Lavonda aliyajua kwa moyo, maana alikuwa ameshayasema kwa wengine: vidonge vya kuzuia VVU ndani ya saa mbili, damu ya mgonjwa ipimwe leo leo, na ripoti iandikwe. Halafu daktari akauliza kama ananyonyesha.

"Ndiyo," Lavonda alisema. "Binti wa miezi mitano."

"Basi simamisha. Mpaka tujue."

Alimpigia mama yake, aliyekuwa nyumbani na mtoto. "Mama, yale maziwa niliyokamua jana, kwenye friji, mpe Odette, hayo hayana neno. Yakiisha, mnunulie ya kopo."

"Kwa nini ya kopo? Una nini?"

"Nimejichoma."

Upande wa pili mtoto alisikika akigugumia. Kisha Earline akasema, "Weye hujichomi. Nani amekufanya ujichome?"

"Nitakueleza, Mama. Sasa hivi siwezi."

Vichupa viwili vya Bi Pfeiffer vilikuwa vimesimama kwenye kibao chao, vimeandikwa jina, bado vina joto. Jibu lote lilikuwa mle. Lakini kwa utaratibu wa kliniki, hakuna aliyeruhusiwa kutafuta VVU wala homa ya ini kwenye damu ya mtu mpaka mwenyewe atie saini. Peggy alimpelekea karatasi. Dakika tatu hazikupita, sauti ya bibi ikasikika ukumbini.

"Mnanidhania mimi ni nani? Nimefundisha watoto wa mji huu miaka thelathini! Leo niambiwe nina maradhi ya makahaba? Sitii saini! Mwanangu yuko njiani kunichukua, na nikifika nyumbani nitatafuta kliniki nyingine."

Peggy alirudi uso umemwiva. Akamvuta Lavonda kwenye chumba cha glavu na pamba, akafunga mlango.

"Amekasirika. Anafikiri unataka kumshtaki," alinong'ona. "Sikiliza. Ripoti bado hujaandika. Tukiandika kwamba mgonjwa alitikisika ghafla, basi. Watu hutikisika. Nimwambie hivyo, moyo wake utatulia, atasaini."

"Hakutikisika, Peggy. Alinishika nywele."

"Najua."

"Aliingiza mkono wote."

"Najua, Lavonda! Lakini ni bibi kizee, alikuwa anakusifu tu. Wewe unataka nini, maneno au damu ipimwe? Una mtoto. Fikiri."

Na Lavonda alifikiri kweli. Kifua kilikuwa kimeanza kujaa na kuvuta, maana saa ya kumkamulia Odette ilikuwa imefika. Neno moja tu. Ametikisika. Nani angeumia? Alimeza vidonge vyake kwa maji ya bomba, akasimama ameegemea maboksi, akauona ukweli ulivyo: kesho mkono mwingine utaingia kichwani mwake, na kwenye faili la kliniki itakuwa imeandikwa kwamba jambo kama hilo halijawahi kutokea.

Akafungua mlango, akaenda mwenyewe.

Bi Pfeiffer alikuwa ameketi peke yake kwenye kiti cha pembeni, koti ameshavaa, mkoba umekumbatiwa kifuani. Lavonda alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Nimekuja kukuomba, Bi Pfeiffer."

"Nilikuwa nakusifu," bibi alisema upesi. "Mtu akisifiwa hujichoma sindano? Ungeweza kuniambia tu kwamba hupendi."

"Ungeniuliza ningekuambia."

Bibi akageuza uso dirishani. Nje gari lilikuwa likiingia polepole kati ya marundo ya theluji.

"Nina mtoto wa miezi mitano," Lavonda alisema. "Tangu azaliwe hajala kitu ila maziwa yangu. Leo nimeambiwa nisimpe. Damu yako iko pale, hatua kumi kutoka hapa. Wewe ukisaini, kesho mchana nitajua. Usiposaini, nitakunywa dawa zinazotapisha mwezi mzima bila kujua nakunywa kwa nini, na maziwa yatakauka."

Bi Pfeiffer akasema polepole, kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu, "Yule mama mwingine anasema mnaweza kuandika kwamba nilitikisika."

"Ameshakuambia hivyo?"

"Ukiandika kwamba nilitikisika, nitasaini."

Lavonda aliitazama kalamu iliyokuwa juu ya karatasi. Aliwaza kumdanganya. Aseme ndiyo, apate saini, kisha aandike apendavyo. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa haki yake, alijiambia. Lakini ulimi ulikataa.

"La," alisema. "Nitaandika ulichofanya. Kwamba ulinishika nywele bila kuniuliza, na sindano ikiwa mkononi. Sitaongeza neno, sitapunguza. Na bado nakuomba usaini."

Mlango wa nje ukafunguka, baridi ikaingia pamoja na mwanamume mkubwa mwenye ndevu. "Mama? Uko tayari? Kuna nini?"

"Nenda kanisubiri kwenye gari, Keith."

"Lakini mbona unalia?"

"Nimesema kwenye gari!" Ilikuwa sauti ya darasani, na Keith, na ndevu zake zote, akatoka.

Bi Pfeiffer alingoja mlango ufungwe. Alipozungumza hakumtazama Lavonda.

"Watakuta kitu. Si hicho wanachosema. Ni ini. Nilitiwa damu siku niliyomzaa huyo, miaka arobaini na mitatu imepita, na ile damu ilikuwa mbaya. Niligundua baadaye sana. Nilitibiwa mji mwingine, wakaniambia kimekwisha. Hapa hakuna faili linalosema hivyo, kwa sababu sikusema." Akafuta pua. "Dada yangu peke yake ndiye aliyejua. Alinitengea kikombe changu mpaka alipokufa. Keith hajui. Akijua kwamba ni siku ile ya kuzaliwa kwake..."

"Hapa hakuna atakayemwambia."

"Huwezi kuniahidi hivyo."

"Kwa mdomo wangu, naweza."

Bibi aliichukua kalamu. Jina lake lilipanda na kushuka mstarini, lakini alilimaliza. Alipoinuka, mkono wa pili ukanyanyuka kidogo kuelekea begani kwa Lavonda, kama mtu anayetaka kumshika kumfariji. Lavonda alijikaza mwili mzima kitini. Mkono ukasimama hewani, ukarudi kwenye mkoba.

Ripoti aliiandika kabla ya chakula cha mchana. Peggy aliisoma mara mbili, akashusha pumzi, akagonga muhuri.

Jioni ile Lavonda alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea, akakamua, akamwaga. Odette alikuwa akilia chumba cha pili, chupa anaisukuma kwa ulimi, na Earline akimwimbia na kumgombeza kwa pumzi moja. Vidonge vilimchafua tumbo. Alitapika, akanawa, akakamua tena ili maziwa yasikatike. Mama yake alikuja akasimama mlangoni na mtoto begani.

"Ungeandika ametikisika," Earline alisema. "Mimi ningeandika."

"Ungeandika kweli, Mama?"

Earline alifikiri. "Nimeandika maisha yangu yote," akasema, akarudi na mtoto chumbani.

Kesho yake saa saba mchana simu ikalia. VVU hakuna. Homa ya ini aina ya B hakuna. Ile ya C, alama za zamani zipo, kirusi chenyewe hakionekani. Daktari alisema atapimwa tena baada ya wiki sita na baada ya miezi sita, kwa tahadhari, lakini vidonge aache, na mtoto anyonyeshe. Lavonda alikuwa ukumbini katikati ya watu. Alisema "ahsante" mara nne, akaingia kwenye chumba cha glavu, akakaa chini sakafuni.

Ilipopita wiki ya nne, Bi Pfeiffer alikuja. Hakutafuta kliniki nyingine. Mapokezi walimuuliza Lavonda kama atamhudumia au aitwe mwingine. Tangu siku ile kila alipochomoa sindano kisogo kilimsisimka. Nywele zilikuwa wazi vilevile.

"Aingie," alisema.

Bibi aliketi, akaanza, "Lavonda, nilikuwa nataka kukuambia, kwa kweli mimi tangu utotoni sikuwahi..."

"Nyoosha mkono, Bi Pfeiffer. Tutaongea nikishamaliza."

Akanyoosha. Mkono wa pili akaukalia, chini ya paja, bila kuambiwa. Lavonda alifunga mpira, akatafuta mshipa, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akaukosa. Alivuta pumzi. Akasogeza kidole chini kidogo, akausikia, akachoma. Damu ikaja.