Yowe la Wamarekani Nyumbani kwa Calist

Mwanangu Emilian aliniambia shambani, tukiwa tunapura alizeti, kwamba siku ya kubariki msalaba wa baba yake hatapiga gitaa pamoja na kwaya. Ataimba wimbo wake mwenyewe, peke yake, pale pale kaburini.

"Wimbo gani?" nikamwuliza.

"Nimeutunga mimi, mama. Kwa mtindo wa Cold Attic."

Nikaendelea kupiga alizeti kwa fimbo. Hao Cold Attic nilikuwa nimeshawachoka, maana tangu arudi kutoka chuo Dodoma hakuwa na habari nyingine. Ni bendi ya Wamarekani. Muziki wao unaitwa emo. Kwa nilivyousikia mimi, mtu anaanza kwa kunong'ona kama anaungama kwa padre, halafu ghafla anapiga yowe kama amemwagiwa uji wa moto. Mwanangu alikuwa amefuga nywele zikamfunika jicho moja, kucha amezipaka rangi nyeusi, na nguo nyeusi juu mpaka chini kwenye jua hili la Ikungi. Mimi nilivaa nyeusi mwaka mzima kwa ajili ya Calist, mume wangu. Najua nguo ile inavaliwa kwa nini. Yeye aliivaa kwa ajili ya watu ambao hata hawajafa.

"Kaburini kwa Calist halitapigwa yowe la Wamarekani," nikamwambia.

"Tutaona, mama."

"Hakuna cha kuona. Nimeshasema."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kisimani. Kumbe nyuma yangu Emilian aliwaita wenzake wawili, Benson na Stanley, wakaleta sabufa na ngoma, wakaanza mazoezi uani kwangu. Nilikuwa nainama kuchota maji nikasikia yowe. Moja, kisha jingine refu, likapita juu ya mashamba yote. Nikajua ni yeye. Nikajitwisha ndoo nikarudi nikiwa na hasira zangu, sina haraka.

Wenzangu lakini hawakujua. Huku kwetu yowe ni habari ya msiba, halisubiri maelezo. Ukilisikia unaacha jembe, unajifunga kanga kiunoni, unabeba kuni, unakwenda. Na wote walijua kwamba juzi presha ilinipanda nikalazwa zahanati. Nilipofika, ua umejaa. Mizigo ya kuni imetupwa mlangoni. Jirani yangu Evodia amekaa chini, beseni la unga liko kando, analia, "Martha weee, umetuacha na nani!" Hata katekista Simeoni alikuwa amefika, jasho linamtoka, kitabu cha sala za maziko kiko mkononi.

"Jamani, kafa nani?" nikauliza.

Evodia akageuka, akaniona na ndoo yangu kichwani, akapiga yowe la kweli kuliko la Emilian.

Wengine wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Wifi yangu Kristina, dada mkubwa wa Calist, naye hakucheka. Alizitazama zile kuni, akamtazama Emilian aliyekuwa amesimama na gitaa lake la umeme shingoni.

"Kuni za msiba hazirudi nyumbani," Kristina akasema. "Zikirudi, kifo kinazifuata. Washeni moto, tupike, tule, tukae mpaka ziishe. Na atakayesonga ugali ni huyo aliyelia."

"Shangazi, mimi?"

"Kwani nani amepiga yowe? Mimi? Weka chini hilo ligitaa."

Basi wakapika, yeye na wenzake, wanawake wamekaa kwenye mikeka wanawatazama. Benson moshi ulimwingia machoni, wanja mweusi aliojipaka ukamtiririka mashavuni.

"Huyu naye anamlilia nani?" Evodia akauliza.

"Labda ugali. Tazama alivyouunguza!" mwingine akajibu.

Kristina akapaza sauti. "Haya, baba, tueleze. Hao unaowalilia ni akina nani?"

Emilian alikuwa hanitazami. Lakini ukimwuliza habari zao hawezi kunyamaza, akaanza. Walikuwa vijana wanne wa mji mdogo wenye theluji. Walikuwa wakipiga muziki kwenye chumba cha chini ya nyumba ya mama wa mmoja wao. Santuri yao ya kwanza waliiuza wenyewe mkononi, kwenye kumbi ndogo. Ya pili ikawapeleka dunia nzima, vijana wakaanza kufuga nywele kama wao, kuvaa kama wao, kuimba yaliyo moyoni bila kuona aibu. Ya tatu ikawagombanisha. Mwimbaji na mpiga ngoma hawakusemezana, bendi ikavunjika, mashabiki wakalia.

"Wakafa?" Evodia akauliza.

"Hapana. Wamerudiana miaka hii. Wanazunguka wanaimba zile nyimbo za zamani."

"Sasa ni wazee?"

"Wana umri kama wa... kama wa mjomba Isaka."

"Yesu na Maria! Isaka na kitambi chake, na wanja, analia kwenye spika!"

Ua wote ukaangua kicheko. Emilian akaupiga mwiko kwenye sufuria.

"Chekeni. Yule mwimbaji alifiwa na baba yake akiwa kijana, akaambiwa asilie. Ndiyo akaanza kuimba. Na mimi siku ya kumzika baba mlinikataza nini? Shangazi, ulinikataza nini?"

Vicheko vikakatika.

"Nilikwambia usilie, wewe ndiye mwanaume wa nyumba," Kristina akajibu. "Na leo ningekwambia hivyo hivyo. Mama yako alikuwa amezimia, ng'ombe wako nje, wageni wako uani. Nani angesimama?"

Nikainuka mimi. "Basi lia sasa. Kaburi lile pale, nyuma ya zizi. Nenda ukalie kwa mdomo wako mtupu, bila spika, kwa Kinyaturu alichokuwa anakuitia baba yako. Ukiweza hilo, huo wimbo nitausikiliza."

Alisimama na mwiko, ugali unadondoka. Kila mtu alimtazama.

"Mnanikagua kama mbuzi wa mnadani," akasema. "Mimi silii kwa amri."

"Basi wimbo haupo."

Akautupa mwiko, akatoka na wenzake. Ugali tukaula sisi, mbichi katikati, na mlenda wa Evodia, mpaka kuni zikaisha.

Siku ya msalaba padre alikuja, jumuiya yote ikaja. Emilian alikaa nyuma kabisa. Padre aliponyunyiza maji ya baraka na kurudi pembeni, nikamwona mwanangu anapita katikati ya watu na gitaa kavu, lisilo na waya. Nikatoka mahali pangu, nikasimama kati yake na kaburi.

"Pisha, mama. Ni baba yangu."

"Najua ni baba yako. Ndiyo maana sitaki aimbiwe huzuni ya watu wasiomjua."

"Huzuni ni yangu. Nimeazima sauti tu."

"Irudishe ulikoiazima."

Alisema kwa sauti ndogo, ili padre asisikie. "Nikiondoka hapa, nimeondoka. Benson amepata mahali pa kupiga Singida mjini. Kwaya yenu mtafute mpiga gitaa mwingine."

Mikono yake ilikuwa tayari kwenye nyuzi. Niliiona. Sikusogea. Calist alikuwa mtu wa kusali rozari taratibu, hata ng'ombe hakuwapigia kelele, na mimi ndiye niliyebaki kumlinda pale alipolala.

Emilian akageuka. Watu wakampisha. Kristina, yule yule wa kuni, akanivuta upindo wa kanga.

"Mwite, Martha. Mwite, ni mtoto."

Barabarani pikipiki ya Benson ilikuwa inanguruma tayari. Kwaya ilianza bila gitaa, wakapotea sauti, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Nikaushika wimbo mimi, kwa nguvu kuliko wote, mpaka pikipiki sikuisikia tena.