Mipira Sita ya Akiba

"Hivi hapa kwenu," jirani aliwahi kuuliza, amekaa kwenye kigoda jikoni, vitambaa vya sare za shule vimemzunguka mpaka magotini, "vikombe ndivyo vinavyolala chumbani, watu ndio wanaokaa na masufuria?"

Mama Pacha alicheka. Jirani akiuliza la kweli, ni afadhali ulicheke kabla hujalilia. Mama Pacha alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa kati ya jiko na beseni la vyombo. Akitaka kupika, ahamishe vitambaa. Akitaka kushona, ahamishe masufuria. Mteja akiona sare ya mwanawe inanukia kitunguu, basi ajue kitunguu hicho amepewa bure.

Chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa linaloingiza mwanga tangu jua linapochomoza, kilikuwa cha mabinti zake pacha mpaka walipoolewa. Kabla vumbi la arusi halijatua, baba yao alikwisha kupigilia rafu ukutani na kuhamishia humo vikombe vyake vya gofu. Viliishi vizuri. Vilifutwa kila Jumapili, havikukohoa, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuambiwa kisogee moto uwashwe.

Baba huyo klabuni walimwita Bingwa. Hakulikataa jina hilo. Si vizuri kuwabishia watu wanaosema kweli. Kazini alikuwa mpanga ratiba wa kampuni ya mabasi: yeye ndiye aliyejua basi gani liondoke, lipi lisubiri, na lipi lifichwe gereji kwa ajili ya jioni yenye watu wengi. Kazi hiyo ilimfundisha kuweka akiba, na alipoijua akiba aliitumia kwa kila kitu, kuanzia sukari mpaka maneno ya shukrani.

Mwaka huo klabu ikatangaza mashindano ya jamaa. Wachezaji wawili wawili, na hao wawili sharti wawe wa damu moja au wameunganishwa na ndoa. Bingwa alikuwa na ndugu wawili. Mmoja alikuwa ng'ambo, na mwingine walikuwa hawasemezani kwa sababu ya gofu hiyo hiyo. Akabaki mke, aliyekuwa ameshika fimbo miezi michache tu, tena kwa sababu daktari alimwambia atembee, na mumewe akaona ni hasara mtu atembee mikono mitupu.

"Tukishinda," Bingwa akasema siku ya kujiandikisha, huku akimimina chai, "utataka zawadi gani?"

"Chumba cha mbele."

Birika likatua mezani. "Na vikombe viende wapi?"

"Kabatini. Juu ya kabati. Uvunguni. Hata marehemu hupatiwa mahali, Baba Pacha."

Bingwa akatazama dari, akatazama chai, akaona hana pa kutokea. "Haya. Tukishinda, chumba ni chako. Mungu ni shahidi."

Mama Pacha alikuwa mtu wa ibada, na alikwisha kuona kwamba Mungu huitwa shahidi mara nyingi kuliko anavyopewa nafasi ya kusema. Lakini alikubali. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda kama ndoano, na shule mbili zilikuwa zinangoja sare kutoka kwake. Akafanya mazoezi kila jioni nyuma ya nyumba, akipiga mpira mmoja ule ule kwenye godoro bovu, mpaka mpira ukajifunza kwenda mbele. Haukwenda mbali, ila ulikwenda mbele.

Sheria zenyewe zilikuwa nyepesi. Wote wawili wanapiga mpira wa kuanzia, kisha wanachagua uliokaa vizuri zaidi. Kutoka hapo wote wawili wanapiga tena, wanachagua tena, hivyo hivyo mpaka mpira uingie shimoni. Dhaifu hamharibii mwenzake. Akikosea, mpira wake unaokotwa tu. Ila palikuwa na sharti moja. Katika mashimo kumi na nane, mpira wa kuanzia wa kila mmoja lazima uchaguliwe si chini ya mara sita. Waliotunga sharti hilo walikuwa na hekima. Walijua kuna watu wangemfanya mwenzao begi la kutembezwa.

Walipangwa kucheza pamoja na Mfamasia, mwenye duka la dawa, aliyekuja na mama mkwe wake. Mfamasia alikuwa mchezaji wa wastani, mtu aliyezoea kupima kila kitu kwa kijiko. Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mwembamba, mwenye kofia pana, na mpira wake ulikuwa kama sala ya mtu mwenye njaa: mfupi, lakini umenyooka.

Kwenye shimo la kwanza Mama Pacha akamsogelea mumewe. "Nianze mimi. Wangu hauendi mbali, ila hauingii kichakani. Ukishakaa kati, wewe piga kwa nguvu zako zote bila hofu. Wako ukipotea, wangu upo."

Bingwa alimtazama kama mtu aliyesikia mbuzi akitaja saa. "Mke wangu, trela haitangulii injini."

Basi injini ikatangulia. Na tusimsingizie: Mungu alimpa bega mtu yule. Mpira ulipaa mpaka ukamsahau aliyeupiga. Wa Mama Pacha ukaja nyuma yake, ukakaa katikati ya nyasi kwa adabu.

"Wangu umeupita wako," Bingwa akasema.

"Umeupita kidogo tu. Shimo hili ni jepesi, hata huu unatosha. Tuutumie hapa, tupunguze deni la ile sita."

"Wako tunauweka akiba. Akiba haiozi."

La pili likawa hivyo, na la tatu pia. Kwenye la nne, shimo fupi kuliko yote, ambalo hata mtoto angelifikia kwa kurusha jiwe, mpira wa Mama Pacha ulitua karibu sana na bendera. Wa Bingwa ulitua karibu zaidi, kwa urefu wa mwavuli. Wakachukua wa Bingwa. Akiba ikaendelea kunenepa.

Upande wa pili mambo yalikwenda kinyume, na sababu yake haikuwa akili bali heshima. Mkwe ni mkwe. Mfamasia angesimamaje hadharani, mbele ya mama wa mke wake, akasema, "Mama, wako haufai"? Kila mpira wa bibi ulipotua bila aibu, mkwe aliukimbilia.

"Mama, umeuweka pazuri. Tuchukue wako."

"Usinipambe, mwanangu. Wako uko mbele."

"Wa mbele hauna baraka, mama."

Bingwa akamnong'oneza mkewe, "Unaona? Adabu inawaua wale."

Na kwa kweli ilikuwa inawaua. Walipomaliza nusu, Bingwa na mkewe walikuwa mbele kwa mapigo matano. Ila bibi alikwisha kutimiza sita zake, zote kwenye mashimo mepesi, na Mfamasia sasa alikuwa huru kama mtu aliyemaliza kufunga.

"Baba Pacha," mkewe akaanza kwenye shimo la kumi, "ile sita yangu…"

"Nyamaza, nalenga."

Alikwisha kujifunza kwamba mumewe hulenga muda mwingi. Alilenga akila, na alilenga akiulizwa bati la jikoni litazibwa lini.

Walipomaliza la kumi na mbili, bibi akaketi juu ya jiwe, akavua kofia kujipepea. "Baba," akamwambia Bingwa kwa upole, "mpira wa mkeo mmeshautumia mara ngapi?"

"Bado, mama. Nauweka."

"Unauweka mpaka lini? Yamebaki sita."

Bingwa akatabasamu. Kisha tabasamu likabaki peke yake usoni, mwenyewe ameondoka. Mtu anayepanga mabasi ya mji mzima alianza kuhesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa mkono mwingine, labda ule ungemhurumia. Yalikuwa sita. Tena sita ya mwisho, marefu kuliko yote, yenye upepo wa kukabili. Mabasi yote ya akiba yalikuwa gereji, na sasa yalitakiwa kutoka kwa pamoja, njia ya mlimani.

"Ni sawa," akasema. "Ndivyo nilivyopanga."

Kuanzia hapo, mpira wa kuanzia ulikuwa wa Mama Pacha, upende usipende. Bingwa, akiwa hana kazi, akaamua kutoa msaada. "Inua kiwiko. Shusha bega. Usipumue. Mbona hupumui?" Mpira ukaingia kwenye majani marefu.

Kwenye shimo lililofuata Mama Pacha akamwambia kwa sauti ya kumbembeleza, "Baba Pacha, hebu nenda ukasimame kule kwenye ule mti, nikuone ninapolenga." Bingwa, aliyependa kutazamwa, akaenda. Mkewe akasema bismillahi yake kimoyomoyo, akapiga, mpira ukanyooka.

Lakini mpira mfupi ni mpira mfupi. Kutoka pale ulipotua, Bingwa alitakiwa kupiga mbali kuliko alivyozoea, na kila alipojaribu kurudisha heshima yake kwa pigo moja, mchanga ulimpokea. Uongozi wao ukayeyuka kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Walipofika shimo la mwisho, pande zote mbili zilikuwa sawasawa.

Mbele yao palikuwa na bwawa, na ng'ambo ya bwawa, kwenye ukingo kabisa wa maji, bendera.

Bibi alipiga wa kwanza, ukakaa upande huu wa maji, mkavu. "Wa mama uko salama," Mfamasia akasema, "basi mimi nijaribu bahati yangu." Akapiga kwa nguvu zote za mtu asiye na cha kupoteza, ukavuka.

Mama Pacha aliona. Ulikuwa ni ule ule mpango wake wa asubuhi, umevaa nguo za watu wengine. Akachukua fimbo fupi.

"Hiyo ya nini?" Bingwa akauliza.

"Nauweka hapa kando, upande huu. Kutoka hapo, kuvuka ni pigo lako la kila siku."

"Mashujaa hawasimami kando ya maji."

"Hawasimami. Hulowa."

Akapiga. Mpira ukakaa kando ya bwawa, mahali safi, kama mtu anayengoja kivuko. Wakaufuata.

"Sasa nianze mimi," akasema. "Nikivuka tu, hata pembeni, wewe una uhuru wa kuitafuta bendera."

"Uliamua la kwanza. La pili ni langu."

Angeweza kulenga katikati, palipo papana. Lakini katikati hapajengi jina. Alilenga bendera. Mpira ulipaa vizuri sana, ukashuka vizuri sana, na bwawa likaupokea bila makelele. Lilikwisha kuzoea wageni.

Sasa kila kitu kilikuwa juu ya Mama Pacha: pigo lile, mashindano, chumba, dirisha na mgongo wake. Mikono yake ilikuwa imetulia. Mikono inayopitisha kitambaa karibu na sindano siku nzima haina desturi ya kutetemeka. Akapiga. Mpira ukavuka, ukatua nyuma kabisa, mbali na bendera lakini mkavu. Kutoka huko akausukuma mpaka ukabaki mkono mmoja tu na shimo. Bingwa akajaribu kuingiza wake, ukapita. Wakachukua wa mke, naye akaumalizia.

Wao mapigo manne, wenzao matatu. Walishindwa kwa pigo moja.

Ukumbini, Bingwa alipewa kikombe cha washindi wa pili, akaomba nafasi ya kusema machache. Machache hayo yalikuwa marefu. Alieleza kwamba kucheza na mwenzi wa daraja la chini ni mtihani mzito, na kwamba lazima uwe na moyo wa kubeba. "Hata hivyo namshukuru mke wangu," akamalizia. "Alijitahidi." Watu wakapiga makofi. Mama Pacha naye akapiga; mikono ilikuwa mitupu, na pale hapakuwa na kazi nyingine ya kuipa.

Bibi akaja kukaa karibu naye, kikombe cha ushindi amekiweka chini ya kiti kama viatu. "Mwanangu, nasikia unashona. Unashonea wapi?"

"Jikoni, mama."

Bibi akamtazama mgongo kwa jicho la mkunga. "Nina chumba cha mbele. Kitupu tangu huyu mkwe wangu aliponichukulia binti. Mwanga unaingia mpaka unachosha. Lete cherehani yako unipigie kelele. Nyumba imekuwa kimya mno."

Asubuhi yake Bingwa alikuwa chumba cha mbele, anasogeza vikombe kumpa mgeni nafasi.

"Ahadi ilikuwa tukishinda," akasema bila kuulizwa. "Na mimi ni mtu wa ahadi. Hatukushinda."

"Ni kweli," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Hatukushinda."

Alifurahi kuona ameeleweka, akaendelea. Alikwisha kuliona kosa lao: Mama Pacha alianza kwa kujiamini mno, akajichosha mapema. Huko jikoni Mama Pacha aliomba kidogo, kwamba Mungu amlindie ulimi, kisha akafungua skrubu, akaitoa cherehani kwenye meza yake, akaifunga kwa shuka na kuibeba kifuani. Alipopita mlangoni pa chumba, mumewe akageuka, kitambaa cha kufutia kiko mkononi.

"Imeharibika?"

"Hapana. Naipeleka kwa mama mkwe wa Mfamasia. Nitashonea huko. Jioni nitarudi."

Bingwa akafikiri. Uso wake ulikuwa ule wa kwenye shimo la kumi na mbili, wa mtu anayehesabu kwa mkono wa pili. "Kumbe hata huwezi kusubiri," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshapanga. Mwakani tukishinda, chumba…"

Mama Pacha akaupandisha mzigo vizuri, akafungua mlango kwa kiwiko, akatoka.