Filamu Isiyo na Risasi Hata Moja

...na bado wachezaji hawajafika hata kwenye gongo lenyewe, wanazungukazunguka tu uwanjani, mmoja anatema mate, mwingine anavuta kofia, mimi nagawa nywele za Mamie kwa mkia wa kitana na Marthe ameongeza sauti ya televisheni kana kwamba marehemu ni mjomba wake wa damu, tangu asubuhi saluni hii imegeuka matanga, amefunga kitambaa cheusi juu ya skrini, kweli kabisa, kitambaa cheusi, hapa La Rochelle, Johannesburg, kwa ajili ya mzungu wa filamu ambaye jina lake la kwao tumelijua wiki hii alipokufa, sisi Uvira, kule Kongo, tulimwita Tonton Risasi na ilitosha, na nilipotaka kucheka nikaona Marthe ana machozi, machozi ya kweli, nikarudi kwenye nywele, kila mtu analia anapopata nafasi... filamu zake za bunduki tumezimaliza zote zilizokuwa kwenye flash, imebaki hii ambayo hata redio ilipotaja kazi zake iliiruka, wateja wawili wametoka kwenda kutafuta magwinya, maandazi ya huku, kwenye spaza, kiduka cha pembeni, na Marthe mwenye saluni yake amesimama na rimoti mkononi, hii njo nini sasa, bunduki iko wapi? hakuna bunduki, dada Marthe, ni besiboli, na weye uliionaka wapi? Uvira, nikasema, nikaishia hapo, kwa sababu ukisema Uvira itabidi useme chumba cha video, na ukisema chumba cha video itabidi umtaje Gaston, mume wako, na Gaston akitajwa humu ndani Marthe anashusha sauti kama muuguzi na kuuliza, na Valentin umemujibu nini?

Sijamjibu kitu. Kesho baada ya ibada ndiyo anataka jibu la posa yake, Valentin, Mrundi mpole, mlinzi wa supamaketi, viatu vyake vinang'aa kuliko vya pasta, hana neno baya mdomoni, na pasta naye amesema lake, kanisa halifungishi ndoa mke wa mtu, kama Gaston amekufa mlilie, weka matanga, watu waketi, waimbe, wale, halafu uje, na kama hajafa basi mwache kijana wa watu atafute mwingine, rahisi hivyo, kama kuchagua rangi ya rasta, nyeusi au kahawia... tulia, Mamie, usigeuze kichwa... lakini unamliliaje mtu ambaye hakuna aliyeona maiti yake, alikwenda Bukavu kuchukua kanda mpya mwaka ule vita vilipoingia mjini, wakasema lori alilopanda lilionekana njiani, Kamanyola, wengine wakasema halikuonekana, basi, habari ikaishia hapo, na mimi nikiketi mkekani leo na kusema amekufa, ni nani atakayekuwa amemuua, si mimi? na tena hakuniaga, hilo ndilo linalonikera kuliko vita, miaka yote hii linanikera, alivaa koti akatoka, mfasiri wa filamu, mtu aliyekuwa analipwa kuongea, aliyewapa maneno wazungu wote na Wachina wote waliowahi kupita Uvira kwenye kanda, akakosa neno moja la kuniachia mimi mkewe, mlango ukafungwa, paa. Yaya, ule muzungu anasema nini? Mamie, yaya kwake ni dada mkubwa, ameingia Johannesburg juzijuzi tu, Kiingereza bado kwake ni kelele, anasema ameumia bega, nikamwambia, lakini atacheza, aaa, akasema Mamie, pole yake.

Gaston yeye hakujua hata kama ni mchezo. Kanda ilikuja kwenye sanduku moja na zile za vita, kwa nje steringi ameshika gongo na amekunja uso, mwenye chumba akasema hii moto, watu wakajaa mpaka mlangoni, halafu ikaanza, hakuna aliyepigwa, hakuna aliyekufa, wanaume wazima wamevaa suruali za kubana wanarushiana kitu cheupe, na watu wakaanza kuguna, na kwenye chumba cha video mfasiri ana sheria moja tu, usinyamaze, ukinyamaza wanapiga kelele sauti! sauti! na maganda ya karanga yanakuja usoni, ndiyo maana Gaston alikuwa anaishusha sauti ya filamu mpaka mwisho, anavuta kipaza sauti, jenereta inaunguruma nje, na kinachosikika ni yeye peke yake, mume wangu, mwembamba, ana sauti ya mtu mnene... akawaambia ile ni kesi ya shamba. Mzee amekufa, akasema, na huko kwao ndugu wakigombea shamba la baba hawaendi kwa chifu, wanakwenda shambani kwenyewe, mkubwa anapewa gongo, mdogo anarusha, yule mwenye nguo nyeusi aliyeinama nyuma ni hakimu, akinyoosha mkono amekata hukumu, na mkubwa akiupeleka mpira ng'ambo ya uzio shamba ni lake, chumba kizima kikashika upande, akina mama wakamtetea mdogo kwa sababu wadogo siku zote huonewa, wanaume wakamtetea Tonton, mzee mmoja akasimama akauliza na shangazi zao wanapata nini? na Gaston bila kupepesa jicho akasema shangazi ndio wale wamekaa jukwaani, wanangoja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kibao pembeni ya meza yake na chupa ya chai, skrini naiona kwa ubavu, vivuli tu, nacheka mpaka mbavu zinauma, nilimpenda, sijui kwa nini nalisema hilo kama jambo la ajabu, nilimpenda sana.

Sasa inakuja ile sehemu. Ameshindwa, mpira umeshikwa, watu wameondoka, takataka zinaruka uwanjani, Tonton amekaa kwenye benchi peke yake na mkewe amesimama juu kwenye ngazi na koti mkononi, hii ndiyo sababu mimi nilimpenda mzungu huyu kuliko bunduki zake zote, hii hapa, nakumbuka alichomwambia mkewe neno kwa neno, nikichelewa kurudi, wewe kula, usinifunikie sahani, ugali ukipoa haumsaidii mtu, na watu wakavunjika mbavu, mzungu gani huyu wa ugali, na mimi nikacheka na kuona aibu pamoja, maana wiki ile mimi na Gaston tulikuwa tumenuniana kwa jambo hilohilo, mimi sili mpaka mume arudi, ndivyo nilivyolelewa, nakaa na njaa mpaka filamu ya mwisho iishe, na yeye anakasirika, na nikasema moyoni, ona, hata mzungu ana huruma na mkewe kuliko mwanamume niliye naye... na leo Kiingereza nakijua, wateja wamenifundisha, nataka kusikia sahani kwa Kiingereza wanaisemaje, ugali Gaston aliutia mwenyewe, hilo najua, kule pengine ni mkate, pengine ni supu, shusha mashine ya kukausha, dada Marthe, tafadhali, nisikie... anamtazama. Mkewe anamtazama. Upepo. Tonton anavua glavu, anaiweka gotini, midomo imefungwa, sogeza kichwa, Mamie, midomo imefungwa kabisa, mkewe anashuka ngazi moja, anasita, anageuka, anaondoka na koti lake, na yeye amekaa tu. Hakuna muziki hata. Hasemi kitu. Hakuwahi kusema kitu.

Yaya, anamuambia nini? Hasemi, Mamie, amenyamaza... amenyamaza, na Gaston hakuruhusiwa kunyamaza, alikuwa na kimya kirefu hivi mbele yake na chumba kimejaa watu wenye karanga, akatafuta cha kusema na akakuta nini, akanikuta mimi, ubavuni mwake, na njaa yangu, akaisema kwenye kipaza sauti Uvira nzima ikasikia, wakacheka, na mwenyewe aliyeambiwa akadhani ni maneno ya mzungu. Mpumbavu mimi. Hakuwa nabii, sitaki kumtilia chumvi, hakujua habari ya Bukavu wala lori, alikuwa anasema habari ya ugali wa siku ile, na pengine neno nikichelewa kwake maana yake ilikuwa saa moja au mbili, lakini mimi nimemwekea chakula moyoni tangu Uvira mpaka huku, nimekifunika, nimekilinda, hakuna anayeruhusiwa kukigusa, si Valentin si mimi mwenyewe, na kumbe mwenye sahani alishasema. Inauma. Inauma na inanipa nafuu, sijui nianze na kipi, vidole vinakwenda vyenyewe, tatu juu ya moja, vuta, tatu juu ya moja, na kama ni kufa basi amekufa, Gaston, nimelisema, halijaniua, amekufa siku nyingi barabarani na mimi ndiye niliyemnyima watu wa kumwimbia, na Valentin atasubiri kidogo, sijui bado nitamjibu nini, hilo ni la baadaye, kwanza hili.

Dada Marthe, nikasema, Jumamosi ijayo utaniazima viti? Viti vya nini? Vya matanga. Aaa, akasema Marthe, macho kwenye skrini, huyu Tonton tumeshamulilia, inatosha bwana. Si yeye, nikasema, ni Gaston, mume wangu, Gaston wangu amekufa, na rimoti ikatulia mkononi mwake, mzungu bado amekaa kwenye benchi, na nikamwambia Mamie ainamishe kichwa, kisogo bado.